Maswali yenu ya yoga: Mwili umelegea, mnauvutia nini?

*Mwalimu, paja linaniuma kwa nyuma, pale juu kabisa chini ya kalio, nikiinama na hata nikikaa barazani. Nizidishe kunyoosha?* (Mama wa watoto wawili, Mkomani)

Acha leo hii, dada yangu. Hapo panapouma ndipo misuli ya nyuma ya paja inaposhikana na mfupa wa kukalia. Kila ukiinama hali magoti umeyakaza, kano ya hapo huvutwa na kugandamizwa mfupani. Kunja magoti kidogo, usiiname hadi mwisho. Kisha itie nguvu: lala chali, kanyaga kwa visigino, inua kiuno, hesabu hadi 10, shuka polepole. Kano hupona kwa miezi, kwa hiyo subira. Wengi wenu mnaoniandikia mna miili laini kama miyaa iliyolowekwa, na bado mwaomba kunyooshwa. Mlichopungukiwa ni nguvu.

*Visigino vyangu havigusi chini katika mkao wa mbwa, mikono na miguu chini, kiuno juu.*

Kunja magoti, nyoosha mgongo. Hili nimelijibu mara nyingi mno, tafadhali someni majibu ya nyuma kabla ya kuuliza.

*Nafanya yoga ufuoni Shela kila alfajiri. Mbona nyonga ya kushoto tu ndiyo inayouma?*

Ufuo huteremka kuelekea majini. Ukitandika mkeka ubavu kwa bahari, mguu mmoja uko juu na mwingine chini saa nzima, kila siku upande ule ule. Panda darini, kwenye sakafu iliyo sawa. Wageni wakipigwa picha mchangani ni pambo la siku moja, wewe una nyonga ya kutumia miaka. Na hebu angalia mkoba wako waubeba bega gani.

*Nafanya salamu za jua, ule mfululizo wa mikao, 20 kwa siku, sasa bega linauma kwa mbele.* (Kijana wa Langoni)

Hapa ndipo ninapogombana na walimu wenzangu. Mkekani tunasukuma, tunasukuma, hatuvuti kitu. Kifua kinakaza, misuli ya kati ya mabega inabaki nyuma, na kila ukishuka chaturanga, yaani kulalia mikono viwiko vimekunjwa na mwili umenyooka, bega linadondoka mbele. Wazee wetu walivuta nyavu na kamba za jahazi. Wewe unavuta nini? Funga mpira wa kuvutia kwenye nguzo, rudisha viwiko nyuma, mara 12, raundi tatu. Salamu punguza ziwe tano, magoti chini, bega lisipouma ndipo uongeze. Usione haya kutumia vifaa: B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga wa Pune, India, aliyefariki 2014, alifundisha kwa kamba za ukutani, mikanda, matofali ya mbao na viti.

*Lini nitaweza padmasana, ule mkao wa kukaa nyayo juu ya mapaja? Goti linanichoma nikijaribu.*

Likichoma, toka. Goti ni bawaba. Kuzunguka ni kazi ya nyonga, na tundu la nyonga la kila mtu limechongwa kivyake. Huenda usiukalie mkao huo maisha yako yote, na hujakosa kitu. Mwalimu akikusukuma goti kwa mkono wake, kunja mkeka uondoke.