Kabla Hujamwita Mtoto Kilaza, Uliza Umri Wake

Wiki iliyopita mwanachuo mmoja wa ualimu aliye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, aliniandikia. Amepewa darasa la pili, na kila akifundisha kutoa kwa kukopa, watoto wanamkodolea macho. Mwalimu aliyemkabidhi darasa kamwambia asijichoshe, "hao ni vilaza." Ujumbe ule ulinikosesha usingizi. Neno hilo nimelisikia kwenye ofisi za walimu miaka yote ya kazi yangu, na halijaacha kuniuma.

Mdogo wangu, jibu lako liko kwenye daftari la saikolojia ulilofunga baada ya mtihani. Hatua nne za ukuaji wa akili za Jean Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi, kila mwanachuo anazitaja bila kukwama. Lakini hatua ya tatu, ya miaka 7 hivi hadi 11, ina ujumbe mzito kwetu: mtoto anafikiri kwa mantiki pale kitu anachokifikiria anapokiona na kukishika. Wanafunzi wako ndiyo kwanza wanaingia hatua hiyo, na wengine bado hawajaingia. Unaandika 32 – 17 ubaoni, unasema "mbili kutoa saba haiwezekani, nenda kwa jirani ukakope." Jirani yupi? Akakope nini?

Mimi nilianzia darasa la kwanza, shule ya kijijini. Siku za mwanzo nilifanya lile jaribio la maji: glasi mbili zinazolingana, maji sawasawa, kisha nikamimina ya glasi moja kwenye chupa nyembamba. Yako wapi mengi? Karibu darasa zima lilinyoosha kidole kwenye chupa. Nikayarudisha kwenye glasi, wakasema yamelingana. Nikayamimina tena, wakaonyesha chupa tena. Hakuna mjinga pale. Mtoto wa miaka sita anashikwa na kile anachokiona kwanza, yaani kimo cha maji.

Tangu hapo sikufundisha hesabu bila vijiti. Tulifunga mafungu ya kumikumi kwa mpira, na walipofika kwenye kukopa walifungua fungu moja wakahesabu wenyewe. Kelele zilikuwepo, ndiyo. Mwalimu mkuu aliingia akasema mbele ya watoto kwamba darasa langu ni soko na ninachezea muda wa serikali. Maneno yale niliyabeba muda mrefu, kwa sababu aliyasema watoto wakisikia. Lakini vijiti sikuviacha. Ilipofika tathmini ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, watoto wangu walisoma, wakaandika, wakahesabu, na wageni wa kata walipokuja, ni darasa lile lile walilopelekwa kwanza. Ninajivunia jambo hilo mpaka leo.

Baadaye nikapewa madarasa ya juu, na huko kilaza akabadilishiwa jina akawa jeuri. Kulikuwa na kijana aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, ghafla akanyamaza. Ofisini wakasema ameota mapembe. Nikamsikiliza siku moja akiongea na wenzake: sauti ilikuwa inakatika katikati ya neno, wasichana wanacheka. Nikawa namwita ubaoni aandike jibu badala ya kulisema. Alirudi taratibu, na hatukuwahi kulizungumza.

Balehe kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, 9 na 14 kwa wavulana. Maana yake darasa la sita moja lina mtoto kabisa na mwenye mwili wa mtu mzima, wanakaa dawati moja. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliuona ujana kama umri wa kutafuta jibu la "mimi ni nani?" Anayetafuta jibu hilo ukimdhalilisha mstarini, umemjibu vibaya mbele ya shule nzima. Msichana anayegoma kusimama kujibu swali huenda anaficha doa kwenye sketi. Kijana anayesinzia asubuhi, mwili wa umri wake unachelewa kuleta usingizi usiku, na bado ameamka alfajiri kutembea kuja shule. Na wewe umeshika fimbo! Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania za mwaka 2002 zimempa mamlaka hayo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, viboko visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni. Wangapi wanaifuata?

Ninyi mnaotoka vyuoni sasa, msikubali kurithi maneno ya ofisini. Uliza umri. Uliza tena. Mwalimu asiyejua umri wa anaowafundisha anagawa adhabu gizani.

Kwako uliyeniandikia: kesho omba rejista, andika umri wa kila mtoto pembeni ya jina lake, kisha waambie waje na vijiti. Katika andalio la somo viandike kwenye zana, mkufunzi akija aone kwamba umekusudia. Wakishafungua mafungu kwa mikono yao mpaka wakazoea, ndipo urudi ubaoni na 32 – 17.