Dawa ya kansa toka kwa fangasi wa baharini
Uliyeuliza kama kuna dawa ya kansa imetoka kwa fangasi wa baharini, ipo moja imefika mbali kidogo, plinabulin. Mwanzo wake ni halimide, kemikali ya fangasi wa jamii ya Aspergillus aliyekutwa kwenye mwani wa kijani, Halimeda, huko Bahamas, wakaja kuirekebisha maabara. Inavuruga tubulini, protini inayojenga zile nyuzi seli inatumia kujigawa, halafu inaharibu na mishipa inayopeleka damu kwenye uvimbe. Wameijaribu pamoja na docetaxel, dawa ya kemo (tiba ya kuua seli za kansa), kwa kansa ya mapafu. Ila 2021 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waligoma kuipitisha kama dawa ya kuzuia chembe nyeupe za damu zisishuke kwa wanaopigwa kemo, wakataka jaribio lingine. Sasa kama kuna mtu anakuuzia "unga wa fangasi wa bahari" WhatsApp anakupiga tu.