Mvinyo Mwekundu Mkavu wa Dodoma kwenye Meza ya Unguja

Nimewahudumia wageni mezani hapa Mji Mkongwe kwa miaka tisa, na kwa kuwa nilizaliwa na kukulia Dodoma, mvinyo wa kwetu naujua tangu ukiwa zabibu shambani. Ndiyo maana huniuma kuona chupa yake ikiandaliwa pamoja na chakula kisichoifaa, mgeni akakunja uso, kisha lawama zote zikaiangukia zabibu.

Mvinyo huitwa mkavu kwa sababu hamira imekwisha kuigeuza karibu sukari yote ya zabibu kuwa kilevi, na kwa kawaida inayobaki haizidi gramu 4 kwa lita. Kinachobaki mdomoni ni uchachu kidogo na ukakasi utokao kwenye maganda na kokwa, mfano wa ule unaoupata ukiuma bibo ambalo halijaiva. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata msimu mmoja tu wa mvua, na mzabibu wake huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu iitwayo Makutupora hutoa, kwa ulimi wangu, mvinyo mzito usiojificha, wenye ukakasi wa kutosha kabisa.

Ukakasi huo ndio unaochagua chakula. Bi mkubwa anayetupikia boko-boko, yaani ngano iliyopikwa na nyama hadi ikapondeka, ambaye hajaonja mvinyo maishani mwake, aliniuliza siku moja kinywaji hicho kikoje, na nilipomweleza alijibu, "Basi mwanangu, kitafutie nyama yenye mafuta." Alisema kweli, kwani ukakasi hushikana na protini na mafuta, ulimi ukalainika. Boko-boko lililomiminiwa samli, mishkaki ya ng'ombe iliyotoka mkaani sasa hivi, na pilau ya nyama yenye bizari nzima, mdalasini na karafuu, vyote huupokea vizuri. Pilipili iwekwe kando, kwa sababu kilevi huuzidisha muwasho wake.

Samaki ni jambo jingine. Mwaka wangu wa kwanza nilimshauri mgeni anywe mvinyo huu kwa nguru wa kupaka, yaani aliyepakwa tui la nazi, naye akalalamika kwamba unanuka kutu. Nilidhani chupa imeharibika, nikafungua ya pili, hali ikawa ile ile. Baadaye ndipo nilipojua kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huzusha ladha hiyo, na utamu wa tui nao huufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu zaidi. Kwa vyakula vya nazi, tangu siku ile, napendekeza mvinyo mweupe, na kwa asiyetumia kilevi, juisi ya ukwaju.

Lipo pia suala la joto. Ushauri wa kuuandaa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitoka katika nchi za baridi. Chumba chetu wakati wa kaskazi hufika nyuzi 30, na hapo kilevi hupanda puani kabla ya harufu ya zabibu. Weka chupa ndani ya friji mpaka ishuke hadi nyuzi 16 au 18, wala usitie barafu ndani ya glasi. Chupa iliyofunguliwa izibwe na kurudishwa kwenye friji. Mimi huitumia kwa siku tatu, na ya nne simwekei mgeni.