Nimegeuza miguu kushoto, mbona mpira unazidi kupinda kulia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili kucheza gofu hapa Dar es Salaam, na napiga kwa mkono wa kulia. Nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira unapinda kulia karibu kila mara. Kedi mmoja, yaani mbeba fimbo, alinishauri nigeuze miguu na mabega kushoto, ili mpira ukipinda uangukie katikati. Nimefanya hivyo miezi mitatu na sasa unapinda kuliko mwanzo. Fimbo fupi za chuma hazinipi shida hiyo. Kosa liko kwenye miguu au kwenye uso wa fimbo?

JIBU: Marahaba. Kosa la kwanza liko kwenye uso wa fimbo, na miguu uliyoigeuza imelikuza. Ngoja nikueleze vizuri, maana slaisi, yaani huku kupinda kulia, imewakatisha tamaa watu wengi waliokuwa na uwezo mzuri tu.

Mpira haujui wewe umesimamaje. Unachokutana nacho ni uso wa fimbo, tena kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo kuna mambo mawili ya kuuliza: uso unatazama wapi, na kichwa cha fimbo kinasafiri kuelekea wapi. Hilo la pili tuliite njia ya fimbo. Miguu, nyonga na hasa mabega ndiyo yanayoichora njia. Mshiko na viganja ndivyo vinavyoamua uso utazame wapi.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea uso ulikotazama. Zilipokuja rada za kufuatilia mpira, kama TrackMan ya Denmark, ikaonekana kwamba uso ndio wenye usemi mkubwa tangu mwanzo: kwa draiva, takriban asilimia 85 ya mwelekeo wa kuanzia hutoka kwenye uso, na kwa fimbo za chuma kama asilimia 75. Kupinda kunatokana na pengo kati ya uso na njia. Uso ukitazama kulia kwa njia, mpira utapinda kulia, hata kama uso wenyewe unatazama kushoto kwa bendera ya shimo unalolenga. Naomba uisome tena sentensi hiyo, maana jibu lako limo humo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme zamani njia yako ilielekea kushoto digrii 4 na uso ulitazama bendera. Pengo ni digrii 4, mpira unapinda kulia. Kisha ukageuza miguu na mabega kushoto digrii 5. Njia sasa iko kushoto digrii 9. Lakini macho yako bado yanaiona bendera, na viganja vinaurudisha uso kuitazama. Pengo limekuwa digrii 9, zaidi ya mara mbili! Ushauri wa kedi wako ungefaa kama uso nao ungegeuka kushoto sawasawa na mwili. Hapo mpira ungeanza kushoto na kupinda kiasi kilekile cha zamani. Kwa wachezaji wengi uso haugeuki hivyo. Mkono hufuata jicho.

Fimbo fupi nazo hazijapona. Mpira hauna mizunguko miwili, mmoja wa nyuma na mwingine wa pembeni. Una mzunguko mmoja tu, na mhimili wake unaweza kulala upande, kama ndege inapoinamisha mabawa ili igeuke. Fimbo yenye uso uliolala sana huupa mpira mzunguko mwingi wa nyuma, kwa hiyo pengo lilelile huuinamisha mhimili kidogo tu. Draiva, yenye mlalo wa digrii 9 hadi 12 hivi, haikusamehi. Jichunguze: je, ukipiga kwa fimbo ya chuma namba 9, mpira huenda kushoto imenyooka? Kama ndivyo, ni ugonjwa uleule. Njia iko kushoto, ila mpira haukupata nafasi ya kupinda.

Hata hivyo pengo likiwa kubwa sana, fimbo fupi nayo hupinda. Kwenye Masters ya 2012, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, katika shimo la pili la nyongeza dhidi ya Louis Oosthuizen, Bubba Watson alikuwa miti imemziba. Akashika fimbo fupi yenye mlalo wa digrii 52, akaufunga uso dhidi ya njia, yaani ukatazama kulia kwa njia, na mpira ukapinda kama yadi 40 hadi kwenye grini, eneo la majani mafupi lenye shimo. Yeye hupiga kwa kushoto, ndiyo maana ulipinda kulia. Akatwaa taji.

Kabla ya kubadilisha chochote, paka poda kidogo kwenye uso wa draiva na upige mipira mitano. Alama zikikaa upande wa kisigino cha fimbo, yaani karibu na mpini, hilo peke yake linaweza kuupindisha mpira kulia hata uso na njia vikiwa sawa. Sogea nyuma kidogo.

Kama alama ziko katikati, anza na mshiko. Ukisimama tayari, tazama mkono wa kushoto: unapaswa kuona vifundo viwili au vitatu vya vidole. Ukiona kimoja, uso utachelewa kufunga, yaani kugeuka kushoto. Kisha angalia mpira ulipo. Kwa draiva uwe mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto. Ukiwa mbele zaidi, mabega hufunguka kushoto yenyewe bila wewe kujua, na njia huyafuata. Mwisho laza fimbo mbili chini kama reli, moja ikielekea unakolenga, nyingine sambamba nayo mbele ya vidole vya miguu. Mabega yafuate reli hiyo. Miguu ikinyooka na mabega yakabaki wazi, hujafanya kitu.

Na ukipata safari ya kucheza Nairobi, usijipime huko. Kule ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali zaidi na hupinda kidogo kuliko hapa pwani. Kosa litakuwa limejificha tu.

Rekebisha mshiko kwanza na uiache miguu ilivyo. Siku chache za mwanzo mpira utaanza kuruka moja kwa moja kushoto, pengine hadi kwenye majani marefu. Usishtuke wala usirudi kwenye mshiko wa zamani: uso umeikaribia njia, na pengo limepungua. Siku utakapoona mipira kumi mfululizo inaruka kushoto bila kupinda, ndipo urudishe mabega na miguu kwenye reli.