Sukari ya alfajiri kwa mvulana anayeingia balehe

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 12 mwenye kisukari aina ya 1 anaamka na sukari ya damu 15 (mmol/L) ilhali chakula na dozi ya insulini ni vilevile. Yaelekea ni balehe. Homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi usiku na kuidhoofisha insulini, ndiyo maana sukari hupanda kuelekea alfajiri. Kabla ya balehe wengi hutumia yuniti 0.7 hadi 1 za insulini kwa kila kilo ya uzito kwa siku; katikati yake huvuka 1.2, wengine hukaribia 2. Kwa hiyo usimgombeze kwamba anakula kwa kificho.

Ila usiongeze dozi ya usiku kwa kukisia. Mpime saa 9 usiku na saa 12 asubuhi, siku 3 mfululizo, uandike. Saa 9 ikiwa chini ya 4, mpe glukosi papo hapo, na mwambie daktari: huenda dozi ya usiku imezidi. Saa 9 ikiwa sawa kisha ikapanda kufikia saa 12, kliniki wataipanga upya insulini ya muda mrefu. Papasa pia mahali anapochoma sindano. Penye vinundu dawa hainyonywi vizuri. Sukari ikizidi 14 huku anatapika, pima ketoni (asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) na mkimbize hospitali.