Maverick yako haina shida ya springi (jibu refu kwa mleta uzi wa bunduki za sponji)

Mkuu, nimesoma uzi wako mpaka mwisho pamoja na michango ya wadau. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa kapata Nerf Maverick, bastola ya toi inayorusha vishale vya sponji, kwenye mitumba ya toi, kishale kinatoka na kudondoka hatua chache mbele, na karibu kila aliyechangia kamwambia atafute springi ngumu. Ameuliza pia kama mtu anaweza kuunda ya kwake kwa mabomba ya maji, na mwishoni kagusia Stryfe ya shemeji yake, Nerf nyingine inayotumia betri. Haya mambo nimeyafanya kwa miaka, mwanzoni kwa ajili ya watoto wa nyumbani, baadaye kwa ajili yangu mwenyewe, tusidanganyane. Vuta kiti.

Springi iache kwanza.

Ndani ya Maverick kuna silinda, pistoni na springi, basi. Ukivuta, springi inabanwa nyuma ya pistoni. Ukifyatua, pistoni inasukuma hewa, na hewa ndiyo inayotoa kishale kwenye mtutu. Springi yenyewe haikigusi kishale kabisa. Kama hewa inavuja njiani, springi ngumu itaivujisha haraka zaidi, na huo ndio mwisho wa faida yake. Ni pikipiki iliyokufa ringi halafu unashauriwa uongeze mafuta. Kompresheni hakuna, utaongeza mpaka kesho.

Kwa hiyo fungua skrubu, na kabla hujagusa chochote piga picha ya ndani, maana kuna vidude vidogo vinavyoruka na utavitafuta chini ya kochi. Toa silinda na pistoni yake. Ziba tundu la mbele kwa kidole gumba, sukuma pistoni kwa mkono. Ikigoma na kurudi nyuma ukiiachia, oringi, ile pete ya raba inayozunguka pistoni, ni nzima. Ikizama taratibu huku unasikia hewa inapiga mluzi pembeni, umeshaona nguvu yako inakokwenda. Toys za mitumba nyingi ziko hivi, raba imekauka au imelala upande mmoja kwa kukaa stoo miaka.

Dawa yake ni ya bei ya soda. Chomoa oringi, zungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba ndani ya mfereji wake, mizunguko miwili au mitatu, kisha rudisha oringi juu yake. Oringi inanyanyuka kidogo na kugusa ukuta wa silinda pande zote. Rudia jaribio la kidole. Ukizidisha tepu pistoni itakuwa nzito na utapoteza kwenye msuguano ulichookoa kwenye uvujaji, hivyo ongeza mzunguko mmoja mmoja. Halafu paka grisi ya silikoni, ile ya oringi za koki na filta za maji. Grisi ya magari hapana, na WD-40 hapana. Mafuta ya jamii ya petroli yanavimbisha baadhi ya raba, na plastiki za namna hii zinaweza kupata nyufa nyembamba ambazo utaziona siku kitu kimeshapasuka mkononi.

Sasa Maverick ina mambo yake mawili. La kwanza ni ile ngoma ya mitutu sita inayozunguka. Mdomo wa silinda unatakiwa kuikaba ngoma kila mtutu unapofika mahali pake, na zikishachakaa kunabaki upenyo hapo katikati. Kata karatasi ndogo, ipitishe kati ya silinda na ngoma blasta (ndivyo tunavyoziita bunduki hizi) ikiwa imevutwa. Ikipita bila kushikwa, hewa nayo inapita. La pili ni vizuizi vya hewa. Nyuma ya kila mtutu kuna kivali chenye springi ndogo ambacho kinafunguka pale tu kishale kinapokisukuma. Kiwandani wanakiweka ili pistoni isijigonge kwa nguvu ukifyatua bila kishale, na ili watoto wasipakie kokoto. Kinabana njia ya hewa, ndiyo maana wapenzi wa kazi hii hukitoa mapema. Ukikitoa, kuanzia siku hiyo usifyatue tupu tupu: pistoni haina tena mto wa hewa, itagonga ukuta wa mbele mpaka upasuke. Kipande cha kandambili kilichokatwa duara na kubandikwa kwenye uso wa pistoni kinasaidia sana hapo.

Baada ya yote hayo utapata blasta nzuri ya sebuleni. Usitegemee zaidi. Silinda ya Maverick ni ndogo na hewa yake ni hiyo hiyo hata ufanyeje. Ukikutana na Nite Finder kwenye mitumba, ile bastola ndogo ya kishale kimoja, chukua, ni ya kujifunzia na hakuna cha kukupotezea muda ndani. Ukikutana na Longshot CS-6, ambayo ilitoka 2006, lipa kabla muuzaji hajabadili mawazo. Silinda yake kubwa ndiyo iliyoifanya iwe kipenzi cha wanaofanyia kazi hizi mpaka leo.

Kuhusu springi sasa, kama bado unaitaka. Kila nguvu unayoongeza inabebwa na kile kidude cha plastiki kinachoishika pistoni ikisubiri triga. Hicho ndicho huvunjika kwanza. Ongeza kidogo, pima, ongeza tena.

Na kupima hakuhitaji mashine. Tundika kipande cha bati mita 3 kutoka mdomo wa mtutu. Weka simu katikati kabisa, mita 1.5 kila upande, washa kinasa sauti, fyatua. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kompyuta inayoonyesha sauti kama mchoro: utaona mlio wa pistoni na mlio wa kishale kugonga bati. Gawa 3 kwa sekunde zilizopo kati yake. Simu ikiwa katikati, milio yote miwili inasafiri umbali sawa kuifikia, kwa hiyo kasi ya sauti haikusumbui. Ukipata sekunde 0.14 uko kwenye mita 21 kwa sekunde, na Nerf za toleo la Elite jinsi zilivyotoka kiwandani ziko maeneo hayo. Michezo mingi ya Marekani inayoruhusu blasta zilizofanyiwa kazi huweka kikomo kati ya futi 130 na 150 kwa sekunde, yaani kama mita 40 hadi 46. Usione ni tofauti ndogo. Kishale cha gramu 1 kikienda mita 21 kwa sekunde kina takriban jouli 0.22, kikienda mita 42 kina 0.88. Kasi mara mbili, kipigo mara nne. Hapo miwani ya kinga ni lazima kwa kila aliyepo uani, hata yule anayeanua nguo tu.

Tuje kwenye kuunda ya kwako, ambako kwangu mimi ndiko kwenye utamu.

Wenzetu wanaoandika maelekezo mtandaoni wanataja mabomba ya vipimo vya Marekani ambavyo hapa dukani utazunguka bure. Mtutu wako ni bomba la PPR la milimita 20, lile la maji ya moto, na uhakikishe limeandikwa PN20. Ukuta wake ni milimita 3.4, kwa hiyo ndani unabaki na 13.2. Kishale cha kawaida kina unene wa kama 12.7 hadi 13. PN16 ina ukuta mwembamba zaidi, kishale kitaogelea. Bomba la waya za umeme la milimita 20 ndiyo usiliguse kabisa, linapwaya. Hata hiyo PN20 inaachia upenyo wa unywele, hivyo bandika selotepu ndani ya sehemu ya nyuma, pale kishale kinapokaa, kishikwe kidogo mpaka presha ipande. Kipimo ni mdomo wako: ukipuliza kwa nguvu ya wastani kishale kitoke. Kikitoka kwa pumzi tu kimelegea, ukitoa macho ndipo kitoke kimebana.

Silinda ni bomba la PVC la milimita 32. Pistoni nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 60, chomoa ile raba nyeusi ya mbele, tembea nayo mfukoni hadi duka la vifaa vya ujenzi na uijaribu kwenye vipande vyao. Unene wa ukuta hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, kwa hiyo usinunue bomba kwa kusoma namba tu. Unataka raba iingie kwa kubana kidogo na isimame yenyewe ukiligeuza bomba. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 28 na mwendo wa pistoni wa sentimita 10 linakupa mililita 60 na ushee. Mtutu wa sentimita 15 una kama mililita 20. Hiyo moja kwa tatu ni mahali pazuri pa kuanzia. Watu wanapenda mtutu mrefu kwa sababu ya sura. Mtutu ukizidi, hewa inaisha kishale kikiwa bado ndani na kinaanza kuvutwa kurudi.

Hapa ndipo wengi wanakwama: PPR haishikani na gundi ya PVC. Ni plastiki ya jamii nyingine, gundi inakauka juu yake na kubanduka kama ngozi. Mpe fundi bomba mwenye mashine ya kuchomelea PPR akuunganishie soketi yenye nyuzi za shaba, upande wa PVC weka adapta ya nyuzi, funga kwa tepu. Faida ya pili ni kwamba mtutu unafunguka, unaweza kujaribu urefu tofauti bila kuharibu silinda.

Kwa nguvu, badala ya kuhangaika na springi tumia mipira ya manati, vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa upana sawa, kimoja kila upande wa silinda, vikivuta kijiti cha pistoni kwenda mbele. Ukitaka zaidi unaongeza kipande, ukitaka pungufu unatoa. Kijiti kiwe cha nailoni au mti mgumu, ukichonge mfereji karibu na mwisho. Nyuma ya silinda weka bamba la alumini lenye tundu kubwa kuliko kijiti, likisukumwa juu na kaspringi ka kalamu. Ukivuta, bamba linaingia kwenye mfereji na kushika. Ukilibonyeza chini, tundu linakaa sawa na kijiti na pistoni inaondoka. Kingo za mfereji zipige msasa vizuri upande wa kuingilia tu. Upande wa kushika uache mkali.

Mdau mmoja hapo juu kashauri pampu ya baiskeli na chupa ya PVC ya kuhifadhi upepo. Hapana, na hapa sina utani. PVC hii imepimwa kwa maji. Ikipasuka na maji inamwaga, ikipasuka na hewa iliyobanwa inarusha vipande vyenye makali. Baki na pistoni.

Vishale. Vya urefu kamili vina milimita 72 hivi. Ukikikata chenye kichwa kibaki nusu kinaenda vizuri zaidi, kwa kuwa sponji inayopeperuka nyuma imepungua na uzito umebaki mbele. Usiweke msumari, nati au gololi tupu kwenye kichwa ili "kiende mbali". Kichwa kiwe laini ukikibonyeza kwa kidole, kama hakibonyei kisitoke nyumbani kwako.

Rangi nayo. Najua nyeusi inapendeza kwenye picha. Acha ile ncha ya chungwa na plastiki ya rangi rangi kama ilivyo, na ya kwako ya PVC ipake njano au kijani. Mwaka 2014 huko Cleveland, Marekani, mtoto wa miaka 12 alipigwa risasi na polisi akiwa na bastola ya toi ambayo ncha yake ya chungwa ilikuwa imeondolewa, akafa. Kwenye daladala iende ndani ya begi lililofungwa.

Mwisho, Stryfe ya shemeji. Hiyo haina pistoni, ina magurudumu mawili yanayozungushwa na mota na kukibana kishale katikati. Imejengwa kwa betri nne ndogo za AA, yaani volti 6. Usichomeke seli za laptopu iliyokufa kama wanavyofanya vijana: waya za ndani ni nyembamba, kuna kidude kinachokata umeme mota zikinyonya sana, na swichi yake haikutengenezwa kwa mkondo huo, inaweza kuungana na kugoma kuzima. Ukitaka kupandisha volti, waya, swichi na mota vinabadilishwa kwa pamoja, na betri ya lithiamu inachajiwa kwa chaja yake mwenyewe ukiwa macho. Kama shemeji hayuko tayari kwa gharama hiyo, mwambie aweke AA mpya zenye ubora na afute magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Vumbi la sponji likijaa pale kishale kinateleza, na watu wanadhani mota zimechoka.