Ramani inayojibu mguso wa mgeni

Ndugu yangu, umeeleza kwamba wageni hufungua tovuti ya kampuni yako ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro, kisha huondoka bila hata kuuliza bei, nawe unafikiria kuongeza picha zinazojisogeza zenyewe. Nakushauri uziache, kwa kuwa hazimpi mgeni la kufanya. Weka badala yake ramani ya njia za mlimani ambayo mgeni akigusa Marangu anaona papo hapo vituo vya Mandara (mita 2,720), Horombo (3,720) na Kibo (4,720), anajua kwamba atalala kwenye vibanda na si kwenye mahema kama kwenye njia ya Machame, na akiongeza siku moja Horombo ili mwili uzoee hewa nyepesi, safari inatoka siku 5 hadi 6 na bei inabadilika mbele ya macho yake. Fomu ya maulizo ifunguke hapo hapo ikiwa imeshajazwa alichochagua. Kumwandikisha upya ni kumfukuza. Jaribu yote kwenye simu ya bei nafuu, maana Google huhesabu mwitikio, yaani muda ukurasa unaochukua kujibu mguso, kuwa mzuri usipozidi milisekunde 200. Na ule muziki unaoanza wenyewe, tafadhali, uondoe leo.